Kopo Hunukia, Kiko Hushuhudia

Kopo la tumbaku ya kiko likifunguliwa, kinachotangulia kufika ni harufu. Pengine ni vanila, pengine cheri au kakao, pengine ni moshi mzito kama wa jiko la kuni lililolala na makaa. Wanunuzi wengi huishia hapo: huinamisha pua, huvuta pumzi, huitikia kwa kichwa, na hukumu imeshatoka. Makala haya yanapinga hukumu ya namna hiyo. Kati ya mashahidi wote wanaoweza kuitwa ili kueleza kama mchanganyiko wa tumbaku ni bora au ni hafifu, harufu ya kopo ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuongezwa kiwandani siku ya mwisho. Ubora wa kweli una nguzo tatu: uzima wa majani, uwiano wa aliyeyachanganya, na mwenendo wa moshi tangu kiko kinapowashwa mpaka kinapozima chenyewe. Nguzo hizo hazihitaji pua ya ajabu wala lugha ya mafumbo. Zinahitaji macho, vidole na subira, na mtu yeyote anaweza kuzifuatilia hatua kwa hatua.

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Kopo moja la gramu 50 linaweza kuwa na majani yaliyolimwa katika mabara matatu, na kinachoyatofautisha si mbegu na udongo peke yake, bali pia namna yalivyokaushwa. Hapa msomaji wa Tanzania ana bahati, kwa maana lugha ya biashara ya tumbaku nchini imekwisha kuyapanga mambo vizuri: kuna tumbaku ya mvuke, tumbaku ya hewa na tumbaku ya moshi. Ya mvuke ndiyo inayotawala mashamba ya Tabora, Urambo na Kaliua, na ndiyo ambayo wavutaji wa kiko duniani huiita Virginia. Ya hewa ni jamii ya Burley, aina nyeupe iliyojitokeza Ohio, Marekani, mwaka 1864. Ya moshi, ambayo Wangoni na majirani zao wa Ruvuma waliifanya zao la biashara tangu miaka ya 1930, ni ndugu wa tumbaku nzito ya Kentucky. Ukiongeza tumbaku ya jua, yaani majani madogo yenye harufu ya viungo yanayoanikwa Uturuki na Ugiriki, umepata karibu kila kitu ambacho mchanganyaji anacho mezani.

Ukaushaji huo ndio unaoamua ladha, na sababu yake inaeleweka. Jani linapochumwa bado liko hai. Linaendelea kupumua, wanga wake unageuka sukari, na sukari hiyo nayo inaliwa na jani lenyewe siku baada ya siku. Katika bani la tumbaku ya mvuke, yaani jengo la kukaushia, joto husafiri ndani ya mabomba na moshi hautakiwi kuligusa jani. Mkulima huanza na joto la kama nyuzi 35 mpaka jani ligeuke njano, kisha hupandisha pole pole hadi kama nyuzi 70 ili mshipa wa kati nao ukauke. Kazi yote huchukua takriban wiki moja. Joto hilo huliua jani wakati sukari bado ni nyingi, ndiyo maana Virginia nzuri ina utamu wake wa asili. Tumbaku ya hewa huning'inizwa kivulini kwa wiki nyingi, hufa taratibu, na hufa ikiwa imeshakula karibu sukari yake yote. Inabaki kavu ulimini, na ladha yake inakumbusha karanga na kakao. Inasimuliwa kwamba siri ya jani la njano angavu iligunduliwa mwaka 1839 katika kaunti ya Caswell, North Carolina, na Stephen, mtumwa aliyekuwa akichunga moto wa kukaushia. Alipitiwa na usingizi, akaamka moto unakaribia kufa, akatupia makaa ya mti, na joto likapanda ghafla. Majani yakatoka na rangi ambayo wanunuzi waliigombea. Ubora wa kopo linalouzwa kwenye duka la kifahari huanzia pale, kwa mtu anayekesha na moto.

Yapo pia majani mawili ambayo ndani ya mchanganyiko hufanya kazi ya viungo. La kwanza ni Latakia, lililopewa jina la bandari ya Syria, ingawa siku hizi sehemu kubwa hutoka Kupro. Majani hukaushwa juani, kisha hufukizwa kwa muda mrefu kwa moshi wa miti na vichaka vyenye harufu, kama vile nguo zinavyofukizwa udi katika nyumba za pwani, mpaka yanakuwa meusi na kunukia moshi wenye utamu. La pili ni Perique, linalotoka eneo dogo la St. James katika jimbo la Louisiana. Majani hushindiliwa ndani ya mapipa ya mti kwa skrubu kubwa, yakachachuka katika maji yao wenyewe. Baada ya miezi kadhaa hutolewa, hupepewa, hurudishwa na kushindiliwa tena, na zoezi hilo hurudiwa kwa karibu mwaka mzima. Hutoka jani jeusi lenye ukali wa pilipili na harufu ya matunda makavu. Majani hayo ni machache na yana sifa kubwa, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayotumika vibaya kuliko mengine.

Uwiano ndio unaopima kazi ya mchanganyaji. Mpishi wa pilau hasifiwi kwa wingi wa karafuu. Husifiwa kwa kuweka kiasi ambacho mlaji anaitambua karafuu bila kuacha kuutambua mchele. Perique mara nyingi huwa sehemu ndogo tu ya mchanganyiko, na kazi yake ni kuipa Virginia kina na kupunguza ncha ya utamu wake. Latakia huweza kuanzia nyuzi chache hadi karibu nusu, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Moshi wa Latakia ni mzito kiasi kwamba unaweza kuifunika Virginia changa, yenye ukali wa majani mabichi, na mnunuzi asigundue. Kwa hiyo swali la kuuliza katika mchanganyiko wa aina hiyo si kama moshi unasikika, maana moshi utasikika tu. Swali ni kama kuna kitu kingine kinachosikika nyuma yake: utamu wa jani la mvuke, na ule uchachu mwembamba wa jani la jua. Mchanganyiko bora hukuruhusu kumtambua kila mmoja aliyealikwa. Ukisikia sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, ama mchanganyaji hakuwa na kingine cha kuonyesha, ama alikuwa na cha kuficha.

Tuje kwenye uchunguzi wenyewe, tukianza na macho. Katika masoko ya vyama vya msingi vya Tabora, mteuzi hulifungua robota na kuliangalia jani kabla ya kulipa daraja. Huangalia limetoka sehemu gani ya mmea, kwa kuwa jani la chini ni jembamba na jepesi, na la juu ni zito na lenye nguvu. Huangalia rangi, kuanzia njano ya limau hadi rangi ya chungwa na kahawia. Huangalia madoa, michubuko, unyevu, na vitu visivyo tumbaku, kama nyasi na nyuzi za plastiki. Mnunuzi wa tumbaku ya kiko hulipata jani likiwa limeshakatwa, kwa hiyo ameondolewa sehemu ya ushahidi huo, lakini si wote. Akimimina tumbaku juu ya karatasi nyeupe, rangi zinapaswa kuonekana kila moja kwa nafasi yake: njano, nyekundu ya machungwa, kahawia, nyeusi. Rangi moja ya kahawia isiyo na uhai, katika mchanganyiko unaosifiwa kuwa na majani matano, ni jambo la kutilia shaka. Vipande vya mishipa minene, vigumu kama njiti za kiberiti, vinaonyesha kwamba jani halikusafishwa vizuri, na ndivyo vinavyofanya kiko kiungue upande mmoja. Vumbi jingi chini ya kopo ni dalili ya tumbaku iliyokauka kupita kiasi kisha ikashikwashikwa.

Kuna alama mbili ambazo mgeni huzichanganya, na inafaa kuzitazama kwa karibu. Virginia iliyokaa miaka katika kopo lililofungwa vizuri huweza kuota vichembe vidogo vinavyometameta juu ya vipande vyake, kama chumvi laini iliyonyunyizwa. Hiyo si kasoro. Ukungu nao una weupe, lakini haumeti: ni manyoya laini yanayoungana kama utando wa buibui, na ukiuleta puani unanuka godoro lililolala kwenye chumba chenye unyevu. Kioo cha kukuzia cha mwanafunzi kinatosha kuamua kesi hiyo, kwa sababu chembe zina kona na zinarudisha mwanga, na ukungu una nyuzi. Tumbaku yenye ukungu ni ya kutupwa, hata kama imetoka kiwanda chenye jina kubwa. Vivyo hivyo ukikuta vitundu vya duara vilivyochongwa kwa usawa, kama vilivyotobolewa na sindano, ujue mdudu wa tumbaku alifika kabla yako. Mambo haya hayabishaniwi. Anayesema ubora wote ni maoni ya mtu aanze kwa kuyaeleza haya.

Baada ya macho ni vidole, na hapa kipimo ni unyevu. Tumbaku ya kiko huungua vizuri zaidi ikiwa na unyevu wa kama asilimia 12 hadi 15, na hakuna haja ya mashine ili kukaribia hapo. Chukua kiasi cha kujaza ncha za vidole, kibane, kisha kiachie. Kikibaki kimeshikana kama donge la unga uliokandwa, ni kibichi mno. Kikivunjika na kulia kama majani makavu ya mwembe, ni kikavu mno. Kikifunguka chenyewe taratibu, kiko sawa. Unyevu una matokeo ya moja kwa moja. Tumbaku mbichi hutoa mvuke, mvuke huchoma ulimi, na mvutaji huivuta kwa nguvu zaidi isizime, akaongeza joto na kuuchoma ulimi mara ya pili. Malalamiko mengi kwamba tumbaku fulani inauma ulimi ni malalamiko juu ya maji, wala si juu ya jani. Ndiyo maana mchunguzi mwadilifu huiacha tumbaku mbichi ipate hewa kwanza, kisha ndipo anaihukumu. Lakini ikiwa imeachwa wazi siku nzima na bado inanata vidoleni, amepata habari nyingine. Viwanda vingi hutia propilini glaikoli ili tumbaku isikauke dukani. Kidogo husaidia; ikizidi, tumbaku haikauki kabisa, mnunuzi hulipia uzito usio wa jani, na kiko kinajaa majimaji.

Sasa pua inaweza kuitwa, lakini iitwe kwa utaratibu. Karibu tumbaku zote za kiko huguswa na kitu fulani. Burley, kwa kuwa karibu haina sukari na jani lake hunyonya kama sponji, hutiwa maji ya sukari, asali au kakao kabla ya kukatwa, na hilo ni sehemu halali ya ufundi. Jambo jingine ni manukato yanayonyunyizwa mwishoni kabisa, juu ya tumbaku iliyokwisha kukatwa, na hayo ndiyo yanayompokea mteja kopo linapofunguliwa. Wahenga walilisemea hili pia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipimo chake ni rahisi. Weka vipande vichache katika sahani wazi, vilaze usiku kucha, na asubuhi vinuse tena. Manukato mepesi yatakuwa yamepungua, na kilichobaki ni jani. Virginia nzuri itanukia nyasi kavu, mkate au tini; Burley itanukia karanga; jani la jua litakuwa na uchachu kidogo. Ukikuta harufu ya karatasi, au hakuna harufu yoyote, basi jana uliuziwa manukato na tumbaku ilikuwa kibebeo tu. Hii haina maana kwamba kila tumbaku yenye manukato ni duni. Ipo iliyotengenezwa kwa jani safi, na vanila yake ikakaa juu ya utamu wa jani kama ubani unavyokaa juu ya maji ya kunywa: unausikia, na maji bado ni maji.

Shahidi wa mwisho ni moto, na ushahidi wake huharibiwa na chombo kisichofaa. Kiko cha mti kinachotumika kila siku hubaki na kumbukumbu ya tumbaku zilizopita, hasa Latakia na manukato, kwa hiyo wapimaji makini hutenga kiko kisicho na historia. Wengine hutumia cha udongo, wengine cha gunzi la mahindi, kama vile vinavyotengenezwa na kampuni ya Missouri Meerschaum mjini Washington, jimboni Missouri, tangu mwaka 1869. Bora zaidi kwa kazi hii ni jiwe jeupe jepesi liitwalo mershamu, ambalo huvuta unyevu bila kushika ladha. Jiwe hilo lina historia yake Afrika Mashariki. Mbali na lile maarufu la Eskişehir, Uturuki, lilichimbwa pia eneo la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Katikati ya karne ya 20 kampuni ya Tanganyika Meerschaum ya Arusha ilitengeneza viko vyake na kuviuza nje kwa jina la Kiko, neno la Kiswahili lenyewe, na wakusanyaji wa ng'ambo wanalitamka mpaka leo. Chombo safi kikipatikana, tumbaku hujazwa kwa kuachia hewa, huwashwa mara mbili, na huvutwa polepole. Anayevuta kwa pupa atapata ladha ya joto hata kwenye jani bora duniani.

Kiko kina theluthi tatu, na kila moja ina swali lake. Theluthi ya kwanza ni ya manukato na ya majani mepesi. Karibu kila mchanganyiko hupendeza hapo, kwa hiyo isipewe uzito mkubwa. Theluthi ya pili ndiyo ya uwiano: je, ladha inabadilika kwa mpangilio, jani moja likipisha jingine, au imesimama palepale? Theluthi ya tatu ndiyo ya ukweli. Joto limeshapita juu, unyevu na mafuta ya moshi vimejikusanya chini, na kasoro zote za jani hukutana hapo: ukali wa jani lisiloiva, uchungu wa sukari iliyotiwa kwa wingi, majimaji ya glaikoli. Mchanganyiko mzuri huwa mzito hapo bila kuwa mchungu, na huungua bila kuwashwa tena na tena. Ni muhimu kutochanganya uzito huo na nguvu ya nikotini. Tumbaku inaweza kumfanya mtu atoke jasho na kuona kizunguzungu huku ikiwa duni kabisa, na nyingine ikawa nyepesi huku kila jani limewekwa kwa akili. Ukali ni kiasi cha nikotini, na hautuambii lolote juu ya kazi ya mikono. Tena mara moja haitoshi. Mvua za msimu hubadilisha jani kila mwaka, na mchanganyaji stadi huunganisha mavuno ya miaka tofauti ili kopo la mwaka huu lifanane na la mwaka jana. Kopo la pili likisema lile lililosemwa na la kwanza, hapo ndipo umeiona kazi ya kiwanda, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kutengeneza kopo moja zuri.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ladha, na ladha haina mjadala. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na jibu lake linapatikana London. Mwaka 1907 Alfred Dunhill alifungua duka la tumbaku katika mtaa wa Duke Street, na wateja walichanganyiwa kila mmoja kwa matakwa yake. Kanuni ya kila mteja iliandikwa kwa namba katika daftari lililoitwa My Mixture, na mchanganyiko namba 965 ukaja kuuzwa kwa watu wote na kujulikana duniani. Daftari lile linathibitisha kwamba watu hutofautiana: huyu aliongezewa Latakia, yule akapunguziwa. Lakini linathibitisha jambo la pili pia. Kanuni zilitofautiana, na mitungi iliyochotwa ilikuwa ileile. Hakuna mteja aliyehitaji jani lenye ukungu, mishipa migumu au mavuno mabichi. Ladha humwongoza mtu achague kati ya vitu vizima. Haiwezi kukifanya kibovu kiwe kizima. Mtu anaweza kukiri kwamba mchanganyiko ni bora na asiupende, na anaweza kuupenda mchanganyiko hafifu kwa sababu unamkumbusha babu yake. Kauli hizo mbili hazigombani, mradi asiziite kwa jina moja.

Wengine watasema bei inatosha kuwa kipimo, na kama si bei basi umri. Bei hubeba mambo mengi yasiyo jani: ushuru, kopo lenyewe, umaarufu, na uchache. Mchanganyiko ukisimamishwa kutengenezwa, makopo yaliyobaki hupanda bei, ingawa hakuna kilichoongezeka ndani yake tangu jana. Umri nao una kazi yake, lakini si kwa kila tumbaku. Virginia yenye sukari hubadilika ndani ya kopo lililofungwa, rangi ikakolea na ukali ukalainika mwaka hadi mwaka. Latakia hupoteza moshi wake kadiri inavyokaa, na tumbaku ya manukato hupoteza kile hasa ilichonunuliwa kwacho. Jani lililoharibiwa na moto wa bani halitatengenezwa na miaka 20 ya kabatini. Umri hukuza kilichopo, na kama hakuna kilichopo hauna cha kukuza.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: kitu kinachoua kina ubora gani? Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kiko si kimbilio, maana hata asiyemeza moshi hupokea nikotini kupitia ngozi ya kinywa, na saratani ya midomo, kinywa na koo inawafahamu wavuta kiko vizuri. Hakuna daraja la jani linalopunguza hatari hiyo, na tumbaku isiyotiwa chochote haiko salama kuliko iliyotiwa vanila. Neno ubora katika makala haya lina maana ya kazi iliyofanywa vyema, halina maana ya kitu chenye kheri mwilini, na asiyevuta hana sababu ya kuanza. Lakini hoja hiyo, badala ya kuufunga mjadala, inaupa sababu ya kuwepo. Utamu unaonyunyizwa juu huficha ukali ambao ungemwonya kijana, na ndiyo maana miongozo ya Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, inazihimiza nchi kudhibiti vionjo vya namna hiyo. Jamii iliyojifunza kuhukumu kwa harufu ya kopo ni rahisi kudanganywa. Iliyojifunza kuuliza chini ya harufu kuna nini ina kinga fulani. Na madhali mkulima wa Urambo bado analipwa kwa daraja la jani lake, ni haki yake kwamba watu wajue daraja hilo linatokana na nini: usiku wa kuchochea kuni, mkono uliochuma jani lilipoiva na si kabla, na macho ya mteuzi yanayotakiwa kuwa ya haki.

Kwa hiyo uchunguzi hukamilika kiko kinapopoa, muda mrefu baada ya ile harufu iliyotupokea kutoweka. Kigonge taratibu kwenye sahani. Mchanganyiko uliotengenezwa vibaya huacha tope jeusi lililogandia chini, pamoja na tumbaku iliyolowa ambayo moto umeshindwa kuila, na harufu yake ni ya jivu lililomwagiwa maji. Uliotengenezwa vizuri huacha majivu laini ya kijivu, na punje mbili tatu kavu za jani ambalo moto haukulifikia. Punje hizo ukizisugua kati ya vidole na kuzinusa, bado zina harufu ya nyasi zilizokauka juani.